Plaizi Iliyofungiwa Kabatini

Ndugu waombolezaji, majirani, jamaa na marafiki, na ninyi wafanyakazi wenzake mliokuja na ovaroli zenu moja kwa moja kutoka zamu ya asubuhi, mimi ni binti yake wa kwanza, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwita kwa jina lake, mlimwita Mzee Mifuko, naye akaitika. Karatasi hii iliandikwa na kikao cha familia, na Baba Mdogo ameniomba kwa upole, mbele ya Mama, niruke sehemu moja ili tusiharibu msiba. Baba Mdogo, nakuheshimu sana, lakini nitaisoma yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mpakiaji wa magunia, akaanza darasa la kwanza Januari 1970, akamaliza la saba Novemba 1976, akaingia sekondari, na huko alifika kidato cha tatu tu. Tarehe 22 Agosti 1979, babu yetu alikuwa akimwaga mahindi kwenye mashine ya kusaga, koti lake likanaswa na mkanda wa mashine, kola ikaanza kumkaba, watu wakajaa mlangoni, huyu anapiga kelele, yule anakimbilia nyumba ya jirani kutafuta kisu, na kisu kilipofika babu alikuwa ameshakata roho. Baba alikuwa na miaka kumi na sita, naye alikuwepo. Habari hiyo alitusimulia mara moja tu maishani, akasema, "Tulikuwa watu kama arobaini, na katika mifuko yetu sote haukupatikana hata wembe."

Shule ikaishia hapo. Kuanzia wiki ile hadi uzee wake hakutoka nyumbani bila kisu cha kukunja, na kadiri miaka ilivyokwenda vitu viliongezeka, plaizi, bisibisi ya ncha mbili, tochi ndogo, filimbi, kiberiti ndani ya mfuko wa nailoni, bendeji, sindano na uzi, kamba nyembamba ya mita sita, kila kitu na mfuko wake, na kila asubuhi kabla ya chai alivipapasa kimoja kimoja kama mtu anayehesabu watoto wake. Tulimcheka. Nasema tulimcheka kwa sababu tulimcheka sote, nyumbani, mtaani na kazini, mkimwuliza kama anakwenda vitani, naye akijibu kwamba vita haipigi hodi.

Alifanya kazi ya utingo wa lori kuanzia mwaka 1981 hadi 1988, na tarehe 1 Februari 1989 aliajiriwa katika kampuni ya kugandisha na kufungasha samaki, kwanza kama mbebaji, kisha mpanga mizigo, na hatimaye mtunza chumba cha barafu, kazi aliyoifanya hadi mwisho, jumla ya miaka thelathini na mitano, na katika miaka hiyo yote alikosa kazi siku tisa, nne kati yake zikiwa za kuzaliwa kwetu na za kumzika bibi.

Mama alikutana naye mwaka 1989 mbele ya posta, ukanda wa kiatu chake ukiwa umekatika, na kijana mmoja asiyemjua akachuchumaa, akatoa sindano na uzi mfukoni, akaushona. Mama anasema alimshukuru, halafu akamwuliza kibanda chake cha kushonea viatu kiko wapi ili awalete na dada zake. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1990, na katika picha ya harusi, kama mnavyoijua, suti ya bwana harusi imetuna upande mmoja, kwa kuwa msimamizi wake alimpokonya vitu vyote isipokuwa tochi, ambayo alikataa kata kata kuitoa.

Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi niliyezaliwa mwaka 1991, mdogo wangu fundi cherehani aliyezaliwa mwaka 1994, na kitinda mimba wetu, mwalimu wa chekechea, aliyezaliwa mwaka 1999. Kila mmoja wetu alipotimiza miaka kumi alipewa filimbi na kufundishwa kuzima jiko la gesi huku amefumba macho. Majirani wa mtaa wetu ni mashahidi, kwa kuwa mwaka 2004 ndiye aliyefunga mtungi wa gesi uliokuwa unawaka jikoni kwa Mama Pacha, na mwaka 2011 ndiye aliyefungua kwa bisibisi bawaba za mlango wa bafu ambamo mjukuu wa kinyozi alikuwa amejifungia, maji yakiendelea kujaa kwenye karai.

Nami nina langu la kusema. Tarehe 26 Novemba 2014, siku ya mahafali yangu ya chuo, walinzi walimsimamisha getini kwa sababu ya kisu, akachelewa, akanikuta nimeshavua joho, nikamwambia mbele ya wenzangu, "Baba, huwezi siku moja tu ukawa kama wazazi wa wenzako?" Alinipiga picha, akaenda kukaa nyuma. Sikuwahi kumwomba radhi kwa maneno yale, na leo nayasoma hapa ili myasikie, nisije nikaonekana ninawanyooshea wengine kidole mikono yangu ikiwa safi.

Sasa nafika sehemu niliyoombwa niiruke.

Tarehe 3 Oktoba 2023, mkono wa chuma wa kufungulia mlango wa chumba cha barafu kwa ndani ulivunjika, kikabaki kijiti cha chuma kifupi kuliko kidole gumba. Baba alitoa plaizi yake mfukoni, akakibana, akakizungusha, mlango ukafunguka, akaenda kumwandikia msimamizi wa zamu kwamba mkono mpya unahitajika, na kwamba kengele ya dharura iliyomo ndani nayo haijalia tangu mwaka uliotangulia. Aliandika tena Novemba, akaandika tena Februari, nakala zote ziko ndani ya daftari lake, na majibu hayakuandikwa popote, yalisemwa tu, tena kwa kicheko, "Mzee Mifuko, wasiwasi wa nini? Si una plaizi?"

Waombolezaji, naomba mlisikie neno hilo vizuri. Kwa miezi minane, mlango ambao nyuma yake kuna baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri haukutengenezwa, kwa sababu kulikuwa na mzee mmoja anayejua kujiandaa. Tahadhari yake waliigeuza godoro, wakalala juu yake.

Halafu, Jumatano tarehe 15 Mei mwaka huu wa 2024, baada ya mteja kulalamika kwamba amekuta nati ndani ya katoni ya samaki, uongozi ulitoa agizo kwamba hakuna mfanyakazi wa kiwandani atakayebeba kitu chochote cha chuma wala simu, ovaroli zikaletwa mpya, hazina hata mfuko mmoja, na vitu vya Baba vikafungiwa kwenye kabati la karakana, filimbi ikiwemo. Alikwenda ofisini kwa meneja akiwa ameshika kofia mkononi, akasema, "Bosi, agizo nimelipokea na nati kwenye chakula siitetei, lakini kabla hamjachukua plaizi, wekeni mkono wa mlango." Akaambiwa suala hilo linashughulikiwa. Alipofika nyumbani siku hiyo hakula, alikaa barazani akijipapasa mapajani, na Mama alipomwuliza anatafuta nini, alisema, "Nimevuliwa nguo, mke wangu."

Jumamosi tarehe 8 Juni, saa nane kasorobo mchana, robo saa kabla ya zamu kwisha, aliingia chumba cha barafu pamoja na mama mmoja kijana wa idara ya kufungasha, mwenye mwezi wa pili tu kazini, kuhesabu katoni za Jumatatu. Mlango waliuacha wazi, lakini nje mtu alisukuma toroli, toroli ikagonga mlango, mlango ukajifunga. Saa nane msimamizi alizima taa za ukumbi, akaondoka bila kuhesabu watu wake.

Yaliyotokea humo ndani tunayajua kwa sababu mama huyo yu hai, amekaa pale karibu na Mama, na ameniruhusu niyaseme. Walikuwa na makoti mawili ya baridi, la yule mama zipu imekufa, Baba akamvalisha la kwake na kuvaa hilo bovu. Akapasua katoni, akamzungushia miguuni na kichwani, akamwambia, "Tembea, mwanangu. Zunguka kama unatafuta chumba cha kupanga. Ukikaa nakupigia kelele." Alijaribu kukizungusha kile kijiti kwa vidole, ngozi ikabaki kwenye chuma, akajaribu kwa tambara, akajaribu kwa kamba za katoni, akajaribu kwa kubana na nyayo za viatu vyake viwili, na mwisho, nasema hili Mama akiwa anasikia kwa kuwa aliliona mwenyewe hospitalini, alijaribu kwa meno. Yule mama alipolia kwamba watakufa, Baba alimwambia, "Hatufi kwa kutojua, mwanangu. Najua kila kitu cha kufanya. Plaizi yangu iko hatua hamsini kutoka hapa."

Walitolewa saa moja na robo jioni, na aliyewatoa si meneja wala msimamizi, ni mume wa mama huyo, aliyekuja getini na mtoto mgongoni kuuliza mbona mkewe harudi, akagombana na mlinzi hadi wakaingia pamoja. Mkewe alikuwa anatembea bado. Baba alikuwa chini, amelala mbele ya mlango.

Alilazwa siku hiyohiyo, mikono na miguu ikiwa na vidonda vya baridi, kisha mapafu yakaingia nimonia, kisha figo zikachoka. Jumatatu tarehe 10 Juni, wafanyakazi wote wa zamu ya asubuhi walisimama nje ya chumba cha barafu, wakakataa kuingia, na fundi wa karakana akaja na mkono mpya wa chuma, ambao kumbe ulikuwepo stoo, akaufunga. Nilimpelekea Baba habari hiyo nikidhani itampa nguvu, nikamwambia mlango umetengenezwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umechukua muda gani?" Nikasema dakika ishirini. Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona analia, aligeukia ukutani.

Alifariki Alhamisi tarehe 20 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Juzi familia ilipokea barua ya rambirambi kutoka kwa uongozi wa kampuni, na barua hiyo inaliita jambo hili ajali, na katika mstari wa sita inasikitika kwamba marehemu aliingia chumba cha barafu, nanukuu, "bila kifaa cha kufungulia mlango." Waheshimiwa mlioketi safu ya pili, shada lenu la maua tumelipokea kwa sababu maua hayana kosa, lakini barua yenu nimekuja nayo, na mtaondoka nayo, na badala yake nakala tatu alizowaandikia Baba kwa mkono wake zimekwenda kwa mkaguzi wa usalama kazini na kwa wakili, na mama huyu aliyekaa karibu na Mama ameshatoa maelezo yake.

Kwa niaba ya familia, nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi, hasa muuguzi aliyekuwa akimpaka mafuta midomo kila saa bila kuombwa. Nawashukuru majirani mliopika, mliofagia, mliolala na Mama. Nawashukuru wafanyakazi wenzake mliosimama nje ya mlango ule siku ya Jumatatu mkijua mnaweza kufukuzwa, na namshukuru baba aliyegombana na mlinzi getini, mtoto akiwa mgongoni. Uongozi wa kampuni siushukuru, na ninaomba isiandikwe kwamba nimesahau.

Baba, umefanya yote mtu anayoweza kufanya. Sasa pumzika, tulia kabisa. Hasira tuachie sisi.