Neno Lililoegemea Kulia

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Daktari Msimamizi wa hospitali, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Malakisi na Moi's Bridge tangu alfajiri, wanafunzi, na wewe Sista Nyaguthii tunayekuaga leo: hamjambo nyote?

Mniwie radhi nikitembeatembea hapa mbele. Mimi Jepkemboi sijazoea kusimama mahali pamoja nikiwa na wasiwasi, na leo ninao mwingi.

Mwaka wa 1983 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo hiki cha wauguzi. Natumia mkono wa kushoto, nilizaliwa hivyo. Siku ya mtihani wa vitendo tuliwekewa ngozi ya mbuzi iliyochanwa, tuishone kama kidonda cha mtu. Nikashika sindano. Mtahini, mgeni kutoka mbali, akasimama mbele yangu.

"Badilisha mkono."

"Bwana, huu ndio najua."

"Badilisha, ama uache."

Nikabadilisha. Uzi ukajifunga mafundo, ngozi ikararuka. Sista Nyaguthii, mwalimu wangu, akainuka. "Bwana, huyu anashona vizuri sana. Si umwache atumie mkono wake?"

Mtahini hakukasirika. Aliongea kwa upole, na upole huo ulinichoma zaidi. "Sista, hapa tunapima dexterity, ustadi wa mikono. Unajua neno hilo limetoka wapi? Kwa Kilatini, dexter ni upande wa kulia. Si mimi niliyelitunga."

Mabibi na mabwana, kuhusu asili ya neno alisema kweli! Na tusiwacheke Waingereza, kwani sisi wenyewe je? Mkono mmoja tumeuita wa kulia, ndio wa kulia chakula, tena tukauita wa kuume. Huu wangu tumeuachia nini? Lakini neno kuzaliwa upande mmoja, je, ndiyo sababu ya mgonjwa kukosa muuguzi?

Nilianguka. Wenzangu wakavaa kofia zao za uuguzi, wazazi wakapiga vigelegele, mimi nikaambiwa nirudie mwaka. Nilikuwa nimeshaanza kufunga sanduku nirudi kwetu Kapsokwony nikalime vitunguu.

Kabla sijaondoka nilipita darasani kuaga. Nikamkuta Sista Nyaguthii peke yake, ngozi ya mbuzi mezani, sindano katika mkono wake wa kushoto, kidole kimefungwa plasta.

"Sista, unafanya nini?"

"Najifunza," akasema bila kuinua macho. "Wakati wote huu nimekuonyesha kwa mkono ambao si wako, halafu nashangaa mbona unachelewa. Keti hapa."

Nikaketi. Sanduku nikalifungua.

Mtahini yule yule alirudi mwaka uliofuata. Aliponifikia akafungua mdomo, lakini Sista alishafika na sindano nyingine. "Bwana, kama utamwambia abadilishe, tafadhali anza wewe." Mtahini akaitazama. Akaipokea kwa kushoto, akajaribu kushona mara moja, uzi ukamtoka. Akairudisha mezani taratibu, akanigeukia.

"Endelea, dada. Kwa mkono wako."

Nilipita, nikawahudumia wagonjwa Bungoma, nikarudi hapa kufundisha.

Sista, leo unaondoka na kiti chako wamenipa mimi. Jumatatu wanafunzi wangu wanafanya mtihani ule ule, na karatasi ya alama bado ina neno lile lile. Jana nilimwona Cherop, binti wa mwaka wa mwisho, akijizoeza kwa mkono wa kulia huku machozi yanamtoka. Nilimwuliza nani amemwambia abadilishe. Akainama, akaendelea kushona. Sikulala. Mimi sina utulivu wako, Sista. Sauti yangu hutetemeka mbele ya wakubwa, kama mnavyoisikia sasa.

Hata hivyo nalisema hili mbele ya Mheshimiwa na Daktari, ili nisipate njia ya kurudi nyuma: Cherop, uko wapi? Simama, mama. Jumatatu shona kwa mkono wako. Atakayekuambia ubadilishe atanikuta nimesimama kando yako.

Sista Nyaguthii, Mungu akutunze. Nanyi nyote, asanteni kwa masikio yenu na kwa subira yenu.