Nilipanga Foleni ya Sukari Mara Mbili

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, hata na sisi wasahaulifu! Mimi ni Mama Eliya wa hapa Mchafukoge. Shule niliishia darasa la nne, nikikosea mnisamehe.

Nimechoka kuambiwa nimerogwa! Mwaka mzima nilikuwa naunguza wali, nawaita watoto majina ya wajomba zao, nakunywa maji na kiu haikatiki. Huyu anasema jini, yule anasema uzee. Jamani, nina miaka arobaini na nane!

Siku moja sukari ilifika duka la ushirika Kariakoo, kilo moja kila kaya. Nikapanga foleni. Nilipofika dirishani muuzaji akafoka, "Mama, si umechukua asubuhi? Mlanguzi wewe!" Nyuma wakacheka, "Mchagga huyo, anataka kufungua duka lake!" Nikaapa kwa jina la Bwana, mbele ya watu wote, kwamba sijachukua.

Nafika nyumbani, sukari ipo mezani! Na kwenye daftari ninaloandika mambo ya kila siku, mwandiko wangu mwenyewe: "Leo nimepata kilo." Ndugu zangu, nililia. Mimi ni mwizi au kichaa? Kusema haki, muuzaji hakunionea. Mimi ndiye niliyeapa uongo.

Nikamwomba Bwana anionyeshe. Hakuja malaika, alikuja Bi Zuhura, jirani yangu Mwislamu, mkali kama pilipili. "Shoga, choo unachotumia kimejaa sisimizi. Mkojo wako una sukari huo. Vaa viatu, twende hospitali!"

Daktari akapima: kisukari, tena cha siku nyingi. Akanieleza kwamba sukari ikizidi kwenye damu huharibu mishipa midogo, hata ya ubongo. Damu haifiki vizuri, kumbukumbu inalegea. Hakuniahidi kwamba yaliyopotea yatarudi. Alisema nikishika dawa na chakula, huenda hali isizidi kuharibika.

Nikarudi dukani, nikaungama mbele ya foleni. Muuzaji akainama. "Mama yangu naye yuko hivyo hivyo," akasema, "na mimi kila siku nampigia kelele."

Sijapona, nisiwadanganye. Lakini nimefunguliwa, siitwi tena mlanguzi, wala sijiiti kichaa! Wewe unayemfokea mzazi wako kwa kusahau, mtumaini Bwana, na umpeleke akapimwe. Nami Jumapili ijayo nikisimama tena na ushuhuda huu huu, msinong'one. Niambieni tu, "Mama Eliya, umeshatoa," nami nitaketi na kusema Amina.