Sentimita Kumi na Sita za Rosette

"Mimi siinami. Anayetaka mpira wangu alete ngazi."

Maneno hayo marehemu Rosette Ndayikengurukiye aliyasema redioni Jumapili tarehe 24 Oktoba 2010, akiwa na miaka kumi na tisa, jasho bado linamchuruzika, dakika chache baada ya kuipa klabu ya mpira wa kikapu ya Misambi ya Bwiza kombe lake la kwanza. Alikuwa amefunga pointi thelathini na nne. Mtangazaji akacheka, akamuuliza kama haoni haya kujisifu hivyo mbele ya nchi nzima. "Kaka, mi sijisifu," Rosette akamjibu, "natoa maelekezo." Nyumbani kwao, Avenyu ya Saba, mama yake Consolate aliangusha mwiko. Baba yake, marehemu Libère, alipunguza sauti ya redio, akatoka nje, akasimama akiutazama mlango wa nyumba yake.

Rosette alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1991, hapa Bwiza, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa Libère, fundi mwashi, na Consolate, mshonaji. Mkunga alimpima mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alidhani utepe umeteleza. Jina la ukoo alilopewa lina herufi kumi na sita, na halijawahi kuenea kwenye mgongo wa jezi yoyote, hata yake. Ndiyo maana viwanjani aliandikwa Rosette tu, na ndiyo maana baadhi ya waliokuja leo wamejua jina lake kamili kwenye jalada la karatasi hii ya mazishi. Samahanini pia kwa tarehe iliyofutwa kwa kalamu kwenye jalada hilo. Lilichapwa Jumatano, na sababu ya kufutwa kwake itasomwa.

Shule ya msingi aliisoma hapa hapa Bwiza kuanzia mwaka 1997 hadi 2003. Kila mwaka, siku ya picha ya darasa, mwalimu alimwambia maneno yale yale: "Rosette, kunja magoti kidogo." Kwenye picha ya darasa la tatu amesimama kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini. Alipofika miaka kumi na tatu, akiwa sasa sekondari, alikataa. Tangu hapo, kwenye picha zote, kichwa chake kiko peke yake huko juu, na anacheka.

Nyumbani nako kulikuwa na shida, kwa sababu mlango ulikuwa mfupi na paji la uso la msichana lilikuwa na alama yake. Julai 2005 Libère alichukua nyundo, akavunja kizingiti cha juu, akaongeza safu mbili za matofali. Jirani yetu Mwanasiti, ambaye hajawahi kuona jambo akalinyamazia, alisimama barabarani na ndoo yake akapaza sauti: "Baba Rosette, unajenga nyumba ama kanisa?" Libère hakugeuka. "Mutoto wangu ataingia kwake kichwa juu," alisema. "Huko nje watajuana naye." Zile safu mbili ni nyekundu kuliko matofali mengine, na mtu akipita Avenyu ya Saba hata leo ataona mahali ukuta ulipoongezwa.

Alimaliza sekondari mwaka 2011, akapata diploma yake ya biashara. Aliimaliza yote, jambo ambalo katika familia hii si la kila mtu.

Sasa ni jambo ambalo Mama Consolate ameomba lisomwe hapa mbele ya wote, na amesema lisipunguzwe.

Septemba 2007, Rosette akiwa na miaka kumi na sita, klabu ilimwandikia leseni yake ya kwanza ya mchezaji, ile kadi tunayoiita lisansi. Rosette alikuwa shuleni, hivyo mama yake ndiye aliyepeleka picha na cheti cha kuzaliwa kwa Népomuscène, katibu wa klabu. Népomuscène akauliza kimo. Wakati huo msichana alikuwa ameshapita mita moja na tisini. Lakini siku chache kabla, mashangazi wawili walikuwa wameketi kwenye mkeka wa Consolate, wakanywa chai yake, wakamwambia kwamba msichana wa kimo hicho ataolewa na nguzo ya umeme. Mama hakulala vizuri wiki hiyo. Akamwambia katibu, "Andika mita moja sabini na nane."

"Mama, huyu mutoto nimemuona," Népomuscène akasema. "Ananifunika jua."

"Andika. Hiyo kadi itasomwa na watu. Nani atakuja kumuoa?"

Népomuscène aliandika. Kila mwaka lisansi iliporudiwa, alinakili namba ya mwaka uliopita, kwa kuwa ndivyo anavyofanya kazi na ndivyo atakavyofanya mpaka astaafu. Rosette alidhani ni kosa la katibu. Alipoambiwa alirekebishe alikataa: "Iache hivyo. Waje wakidhani mi ni mufupi."

Na kweli walikuja wakidhani hivyo. Pamoja na Misambi alitwaa ubingwa wa taifa mara tano. Kuanzia 2012 hadi 2014 alicheza Kigali, akiwa msichana wa kwanza wa mtaa huu kulipwa mshahara kwa kurusha mpira, na msimu wa pili aliongoza ligi kwa pointi ishirini na moja kwa mechi. Alivaa jezi ya taifa mara arobaini na tatu. Kwenye nusu fainali moja ya kanda alidaka mipira kumi na tisa iliyogonga ubao, kidole kikiwa kimeteguka tangu robo ya kwanza. Kocha alipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba vilibaki vidole tisa.

Mwaka 2018 alisaini mkataba wa miaka mitatu Sousse, nchini Tunisia. Huko nusura yote yaharibike. Daktari wa klabu alimsimamisha ukutani, akasoma mita moja na sentimita tisini na nne, akatazama lisansi, akasema mchezaji aliyesajiliwa ni mtu mwingine. Kwa siku nne Rosette alikaa hotelini na mabegi yake hajayafungua. Alimpigia mama yake simu, naye mama akashikilia simu bila kusema kitu. "Mama, unanisikia? Wanasema mi si mimi." Mama alikuwa na nafasi ya kusema ukweli siku hiyo. Alisema, "Tuombe Mungu." Siku ya tano Rosette aliingia ofisini kwa mkurugenzi, akaweka lisansi mezani, akasema kwa Kifaransa chake cha Bwiza: "Ni mimi. Nilikua njiani." Walicheka mpaka wakatia muhuri. Alichukua makombe mawili huko, na picha yake ilibandikwa kwenye ukuta wa ukumbi, nzima, kuanzia kichwa hadi viatu.

Kuhusu kuolewa, mashangazi walikosea. Jumamosi tarehe 20 Agosti 2016 Rosette alifunga ndoa na Hugues, mwalimu wa hesabu, mwenye mita moja na sentimita sitini na tisa. Mpiga picha alimwomba bibi harusi akae kwenye kiti ili bwana harusi aonekane. Rosette, aliyekuwa amevaa viatu virefu kwa makusudi, alimtazama tu. Hugues alivuta kreti ya bia, akapanda juu yake na suti yake mpya, akamshika mkewe kiuno. Picha hiyo ndiyo iliyo ukurasa wa nyuma wa karatasi hii. Juni 2017 walijaliwa binti, Bella.

Rosette alirudi moja kwa moja mwaka 2021, akawa nahodha wa Misambi na akaanzisha mazoezi ya wasichana kila Jumamosi asubuhi. Warefu waliokuja wamejikunja mabega aliwapiga kikofi kidogo mgongoni: "Simama. Hukuiba hicho kimo." Wapo wengi hapa leo, na wamesimama wima.

Aprili 2024 alianza kuchoka. Yeye aliyekuwa wa mwisho kutoka uwanjani aliomba kukaa. Michubuko ilitokea miguuni bila kugongwa. Mwezi wa Julai madaktari walisema ni saratani ya damu. Alitibiwa hapa, akapelekwa Kigali, akarudi. Vitanda vyote vya hospitali vilikuwa vifupi. Mama yake aliweka kigoda mwishoni mwa kitanda, juu yake mto, na juu ya mto miguu ya mwanawe. Muuguzi mmoja mgeni alimwambia kwa upole akunje magoti kidogo. Rosette, ambaye wakati huo sauti yake ilikuwa karibu imekwisha, alisema: "Dada, hayo nimeambiwa tangu darasa la tatu."

Mama alikaa pembeni ya kigoda kile miezi saba. Mara nyingi alifungua mdomo aseme habari ya ile namba, na kila mara alimkuta mwanawe amechoka, au amelala, au anacheka na Bella. Rosette alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Hakuambiwa.

Kamati ya klabu ilichukua jukumu la jeneza, na familia inaishukuru. Népomuscène, kwa bidii ile ile tunayoijua, alipeleka lisansi kwa fundi Massoudi. Fundi Massoudi ni Mwislamu wa hapa Bwiza ambaye wa kwao huzikwa kwa sanda tu, lakini Wakristo wa mji huu wamelala kwenye kazi yake tangu wengi wetu hatujazaliwa. Alhamisi saa nne asubuhi jeneza lilifikishwa chumba cha maiti. Mama Consolate alilitazama toka mlangoni. Mshonaji hahitaji utepe.

"Hili sanduku si la mutoto wangu."

"Mama, nimefuata karatasi," Massoudi alisema. "Moja sabini na nane, nikaongeza kumi za mto."

Walijaribu. Haikuwezekana. Massoudi, ambaye si mtu mbaya na ameona misiba mingi, alisogea akanong'ona: "Wengine tunawakunja magoti kidogo. Chini ya shuka haionekani."

Népomuscène aliitazama lisansi kana kwamba itajirekebisha. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mazishi. Kaburi lilishachimbwa kwenye makaburi ya Mpanda, padri ameshapewa saa, watu wako njiani kutoka Kigali. Hugues alikuwa amegeukia ukuta. Mtu mmoja wa kamati alisema, "Mama, tumekwisha kupanga."

"Apana," Mama Consolate alisema. "Massoudi, apana. Népo, we unajua ile namba ilitoka wapi. Sema."

Népomuscène aliirudisha lisansi mfukoni.

"Basi nitasema mi mwenyewe. Baba yake alipandisha mulango. Mi nikashusha namba. Mutoto alihangaika nayo Tunisia siku nne nzima, na mi niko kwenye simu nanyamaza. Leo munataka nimukunje. Simukunji. Mazishi yangoje."

Mwanasiti, aliyekuwa amemshika bega, alisema, "Yangoje, mama. Nani ana haraka ya kufika huko?"

Massoudi alitoa utepe wake mfukoni. Mama akaushika upande wa kichwani, yeye akashika upande wa miguuni, wakampima Rosette pamoja. Mita moja na sentimita tisini na nne. Mama alimwambia fundi aandike, naye akaandika kwa penseli juu ya ubao wenyewe.

Jeneza jipya lisingewahi. Massoudi aliomba siku moja, akalikata lile lile upande wa miguu na kuunga mbao nyingine. Petroli haikupatikana mjini, hivyo Ijumaa jioni wachezaji wa Misambi walilibeba mabegani kutoka karakana kwa miguu, na wale wafupi waliweka mataulo mabegani ili liende sawa. Ndiyo maana tunazika Jumamosi tarehe 15. Na ninyi ambao tangu asubuhi mnaangalia mwisho wa jeneza halafu mnaangaliana: ndiyo, mbao za huko ni nyeupe zaidi. Fundi alitaka kupaka rangi ifanane. Mama alimkataza. Alisema nyumbani nako ukuta unaonyesha.

Marehemu ameacha mama, Consolate Nahimana; mume, Hugues; binti, Bella, mwenye miaka saba, ambaye lisansi yake, siku ikifika, bibi yake ataipeleka mwenyewe; kaka wawili na dada mmoja; Mwanasiti, ambaye amejiandika mwenyewe kwenye orodha hii; na wasichana sitini na wawili wa mazoezi ya Jumamosi, ambao, kwa kuwa leo ni Jumamosi, wamekuja.

Rosette, ingia kichwa juu. Upumzike kwa amani, umenyooka.

Mama Consolate ameomba bei nayo isomwe. Mbao za kuongezea, sentimita kumi na sita, pamoja na misumari: faranga elfu arobaini na tano.