Mama Faili na Herufi Moja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mkunga. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Faili. Alitutoka Jumanne iliyopita, saa sita mchana. Moyo ulisimama akipanda ngazi za kwake, mfuko wa vitunguu mkononi. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Mniwie radhi mapema: leo nazungumza nikiwa na donge rohoni.

Mama Faili alifika ugenini huku miaka kumi na tano iliyopita. Alikuja na mumewe, fundi cherehani, na binti yao wa miaka tisa. Kwao alikuwa mkunga. Alikuwa amezalisha watoto mpaka akaacha kuhesabu. Huku alipewa ufagio.

Kisa? Herufi moja. Pasi ya kusafiria iliandika jina lake kwa l, cheti cha ukunga kikaliandika kwa r. Ndugu zangu, l na r! Nani kati yetu hajawahi kuzichanganya? Lakini baraza la wakunga likasema hao ni watu wawili. Ilitakiwa barua kutoka chuoni kwake, kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja.

Kaka yake kule nyumbani akaenda chuoni. Mara ya kwanza, mhusika yuko likizo. Mara ya pili, yuko kikaoni. Mara ya tatu, amestaafu na ameondoka na ufunguo wa kabati.

"Dada," akamwambia kwenye simu, "hata mlinzi wa getini sasa ananiita mwanachuo."

Miaka kumi na miwili. Narudia, miaka kumi na miwili, barua haijafika, mkunga huyu alipiga deki korido ya wodi ya wazazi hospitalini. Binti yake aliniambia, "Mama alikuwa akisikia mwanamke analia nyuma ya mlango, anajua amebakiza muda gani. Anakunja kitambaa, anaendelea kufuta."

Uchungu huo ndio uliomfanya atushike mkono sisi wengine. Kila Jumamosi alikaa kwenye chumba cha kufulia nguo, chini ya jengo lao, faili limefunguliwa juu ya mashine. Ukifika mgeni, hakuulizi habari za safari. "Lete karatasi zako." Anasoma jina lako herufi kwa herufi. Likitofautiana popote, kalirekebishe wiki hii, usingoje ijayo. Kajiandikishe kwa daktari ukiwa mzima, maana ukiwa na homa hutaijua njia. Kila barua tunza nakala, hata ya kukukataa. Hasa ya kukukataa.

Na hili alilirudia kila mara: "Usiitikie kwa kichwa kitu ambacho hujakielewa. Sema sijaelewa, rudia tafadhali. Hakuna atakayekumeza."

Mimi sikumsikia. Nilikaa mbele ya ofisa wa ajira, nikaitikia kila alichosema, natabasamu kama bwana harusi. Wiki iliyofuata nikajikuta nimeandikishwa kozi ya kuendesha mashine ya kunyanyua mizigo ghalani. Mimi, mtangazaji! Mama Faili alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta machozi, akasema, "Haya mwanangu, twende tukaifute." Tulikwenda mara nne.

Halafu ikaja siku ya lifti. Lifti ya hospitali ilikwama na mama mjamzito ndani, na Mama Faili ndani na ndoo yake. Dakika arobaini. Mafundi walipofungua mlango, mtoto alikuwa kifuani kwa mama yake, amefunikwa koti la wafagiaji. Daktari akauliza, "Nani amefanya kazi hii?" Akajibiwa, "Mfagiaji."

Mnadhani walimpa zawadi? Walimpa barua ya onyo. Amefanya kazi isiyo yake. Wasikilizaji, naisoma barua hiyo hapa, muhuri na sahihi vyote vipo.

Yeye aliitia kwenye faili. Akaipeleka kwenye baraza la wakunga, pamoja na ushahidi wa yule daktari. "Mlisema mimi si mkunga," akawaambia. "Hospitali imeandika kwa muhuri kwamba nimezalisha." Wakamruhusu kufanya mtihani. Alisoma mwaka mzima akisaidiwa na binti yake, akafaulu.

Alifanya kazi ya ukunga huku kwa miezi ishirini. Miaka kumi na miwili ya deki, miezi ishirini ya ukunga. Watu wananiambia nishukuru kwamba alifika. Nashukuru. Lakini nani atawafidia wale kina mama waliolia nyuma ya mlango, wodi ina upungufu wa wakunga, na mkunga yuko koridoni anafuta sakafu?

Kwa mumewe, kwa binti yake, kwa kaka yake kule nyumbani: poleni sana. Msiba huu ni wetu sote.

Jana nilimuuliza mumewe, mkewe angependa niwaambie nini wasikilizaji wa leo. Aliinua macho kutoka kwenye cherehani, sindano ikiwa bado mdomoni.

"Mke wangu hakuwa na subira ya redio," akasema. "Angewaambia kuna familia imehamia kwenye jengo lenu wiki hii, na hakuna aliyewagongea mlango."

Basi, wasikilizaji wapendwa, zimeni redio. Nendeni mkagonge.