Drili ya Mjerumani Kwenye Sufuria la Ajvar

Septemba ikiingia Prilep, huku Makedonia, huhitaji kalenda, nusa tu. Mji mzima unachoma pilipili hoho nyekundu, na moshi unapanda juu mpaka ndege zikipita abiria wanagonga madirisha wakiomba mkate. Siku hiyo, kona ya duka la vioo, kwenye benchi lenye miguu mitatu na tofali moja, kijiwe kilikuwa kimetimia. Blagoja yupo, anaitwa Mjerumani, kwa sababu alifunga vitasa vya magari Stuttgart miaka kumi na moja na hajaruhusu mtu asahau. Spase yupo, anaitwa Ofa: ukiandika "bei imeshuka" juu ya jeneza, analipima urefu. Na Done yupo, Profesa, aliyerudia darasa la sita mpaka mwalimu akastaafu yeye akabaki. Kahawa ilikuwa ikichemkia pembeni ya jiko la pipa, na juu ya jiko hilo limekaa sufuria la Blagoja, kubwa la kuogeshea ndama, limejaa hoho zilizochomwa, zikamenywa, zikasagwa, na sasa zinapikwa kwenye mafuta ziwe ajvar ya kula msimu mzima wa baridi.

Ila sufuria la mwaka huu halikuwa la baridi tu. Biljana, binti pekee wa Blagoja, ana mimba ya miezi saba huko Ljubljana, Slovenia, na chakula chote kinamkataa, isipokuwa ajvar ya mama yake. Basi la kwenda huko linaondoka saa kumi jioni. Dereva kakubali kubeba katoni ya chupa kumi na mbili. Na bega la Ratka, mkewe Blagoja, limegoma tangu juzi.

— Baba Biljana, mwiko huu hapa, Ratka akasema, akimkabidhi ule mwiko wa mti wenye urefu wa kasia. — Mimi nakwenda kwa kaka Vangel kuchukua chupa. Koroga, usisimame. Ikishika chini, usiniulize utalala wapi.

— Nenda mama, nenda. Mimi na hili sufuria tumenyonya ziwa moja.

Alikoroga. Haki ya Mungu alikoroga, mizunguko arobaini kamili, alihesabu. Ya arobaini na moja mgongo ukamwita jina. Akaegemeza mwiko kwenye benchi, akajifuta jasho.

— Stuttgart, akasema, — kazi kama hii mtu hatumii mkono. Unachukua drili, unafunga kile kichuma cha kukorogea rangi, drrr! Umemaliza, unakwenda kuoga.

— Sasa si ulete ya kwako, Spase akamrukia. — Miaka tisa tunaisikia kama habari za peponi. Mimi nasema haipo.

— Ipo!

— Ipo wapi?

— Imepumzika.

— Imechoshwa na nini?

Drili ilikuwepo kweli, mvunguni, ndani ya kasha lake, imeviringishwa blanketi alilobebewa Biljana alipokuwa mchanga. Kila Jumapili aliitoa, akaipangusa, akaichaji, akairudisha. Lakini kutoboa? Haijawahi kutoboa hata mkate. Saa ya ukutani ya marehemu mama mkwe ililala chali juu ya friji mwaka wa tisa huu, inasubiri tundu moja, na Blagoja kila akishika drili anaona haya kuipeleka kwenye ukuta wa chokaa, kama kumpeleka bibi harusi machimboni.

— Ndiyo maana wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, Profesa akachangia. — Huyu mgongo unamuuma, mashine imekwama huko.

— Profesa, kunywa kahawa. Nyinyi hamjui mashine. Ile haikutengenezwa, ililelewa! Kule kila drili ina mhandisi wake. Analala nayo chumba kimoja wiki tatu. Ikikohoa usiku, anaamka. Siku ya kuipeleka dukani analia, mkewe anamshika bega.

— Acha kamba wewe! Spase akapiga goti. — Drili zote duniani kiwanda kimoja, mstari mmoja. Mwishoni kule amekaa jamaa mmoja na mihuri miwili. Akiamka vizuri anagonga muhuri wa ghali. Akiwa kagombana na mkewe anagonga wa rahisi. Basi! Wewe umelipa bei ya ng'ombe, tena mwenye mimba, kwa sababu kuna mtu huko alikunywa chai na mkewe kwa amani.

— Na yako uliitoa wapi?

— Kikapu cha ofa, pale supamaketi, kati ya soksi na vile vibwana vya plasta vya kupamba bustani. Nikapewa na sharubati juu.

— Ya ngapi hiyo?

— Ya nane.

— Saba ziko wapi?

— Zimetangulia, Mungu azipokee. Lakini zote zilikufa kazini, kaka! Hakuna iliyofia mvunguni kama bibi kizee! Ya tatu ilitoboa nyumba nzima ya shemeji yangu, ikatoboa na ya jirani bila kujua. Ya tano ilikufa na tundu moja tu, lakini tundu lile mpaka leo watu wanakuja kulitazama.

— Mtupa jongoo hutupa na mti wake, Profesa akasema kwa sauti ya mahakama. — Maana yake, ukinunua drili usisahau chaja. Halafu ndugu zangu, niwaambie kitu ambacho shule hawafundishi. Drili haitoboi.

— Haitoboi?

— Haitoboi. Matundu yamo ukutani tangu nyumba inajengwa. Yamelala. Drili kazi yake kuyaamsha. Ya rahisi inaita kwa kelele, tundu linachelewa, linatoka na hasira, plasta inaanguka. Ya ghali inanong'ona, tundu linatoka lenyewe limevaa.

Ubaya wa Profesa ni huo, kuna siku huwezi kumkatalia.

Ndipo sufuria likasema "plop". Kubwa. Plop ya onyo. Blagoja akaruka, akashika mwiko, akakwangua chini. Bado haijashika, lakini ilikuwa inafikiria.

— Sogea, Spase akasema, akafungua mkoba wake. Humo mlikuwa na drili ya nane na kichuma cha kukorogea, kipya, bado kina karatasi. — Leo mtaona pesa ndogo inavyofanya kazi.

— Rangi haijagusa hicho?

— Hata mate ya nzi. Nilinunua viwili, cha pili nusu bei.

Akakiosha kwa maji ya moto ya kahawa, akakifunga, akachovya. Ile drili ikaanza. Ililia kama mbuzi aliyesikia tangazo la sikukuu. Ilitoa moshi, ikatoa harufu ya nywele, ikatingisha meno ya Spase mpaka akawa anaongea kwa vipande. Lakini ilizunguka! Polepole, kizee, mzunguko mmoja unaweza kuvuta sigara katikati, na ajvar ikawa inageuka taratibu, laini, inang'aa mafuta, kama mtu anayegeuzwa kitandani na mkewe anayempenda.

— I-i-i-na-ko-ro-ga! Spase akapiga kelele za furaha. — Ki-ki-ka-pu-cha-o-fa!

— Kelele za mlango hazininyimi usingizi, akasema Profesa, akijiziba masikio.

Watu wakaanza kusimama. Mwenye duka la vioo katoka. Mama mmoja mwenye kapu akasema: "Tazama, ya Spase inafanya kazi." Na akaongeza, akimtazama Blagoja kwa huruma: "Na ya kwako ya Ujerumani, kaka, iliharibika?"

Iliharibika! Blagoja alihisi damu ikipanda kutoka kwenye viatu. Miaka kumi na moja ya vitasa! Aliingia mbio nyumbani kwake, mlango wa pili, alipiga magoti, alifunua blanketi. "Samahani, mama," akainong'oneza, na wala hajui kwa nini ameiita mama. Akatoka nayo mikononi. Mtaa ukasogea kutazama. Hata Spase alizima yake. Yaani alijaribu kuzima, swichi ikakataa, akaiweka chini ikawa inazunguka peke yake kwenye vumbi kama mende aliyepinduka.

— Mrembo, Spase akakiri. Hakuweza kujizuia.

Blagoja akachukua kile kichuma cha pili mkobani mwa Spase, akakiosha, akakifunga. Juu ya drili palikuwa na kitufe cha kusogeza, cha kasi, kimeandikwa moja na mbili. Kitabu cha maelezo alikuwa nacho, ila hakutaka kukikunja. Akamtazama Profesa.

— Moja au mbili?

— Mbili ni kubwa kuliko moja, Profesa akajibu. Hesabu ya darasa la sita hiyo, alikuwa ameisoma mara nyingi kuliko mtu yeyote mkoani. — Umelipia mbili, utumie moja kwa nini?

Blagoja akaweka mbili. Akachovya. Akabonyeza mpaka mwisho.

Nataka mnielewe vizuri. Ile mashine haikupiga kelele. Haikutoa moshi. Ilisema tu "zzz", kistaarabu, kama karani anayekuambia njoo kesho. Na ajvar ikasimama. Ilisimama wima ndani ya sufuria, mtu mzima kabisa, ikatazama kushoto, ikatazama kulia, halafu ikaondoka.

Iliondoka yote kwa pande zote. Kioo cha duka la vioo kikawa chekundu. Paka wa mwenye duka, aliyekuwa mweupe, akabadilika akawa wa mtu mwingine. Shuka zilizoanikwa mtaa wa pili zikapata maua. Na Blagoja anataka kuacha, lakini hofu imeukaza mkono; kadiri anavyoogopa ndivyo anavyobonyeza, na kadiri anavyobonyeza ndivyo Mjerumani yule wa chuma anavyotii.

— Achia! Spase kajificha nyuma ya benchi.

— Siwezi! Inafanya kazi!

— Achia, kaka, tumeona ubora! Tumeona!

Aliachia. Kwenye kona nzima ilibaki sauti ya ajvar ikidondoka kutoka kwenye sharubu za watu, na ile drili ya nane chini, bado inazunguka vumbini, haina habari.

Blagoja akachungulia ndani ya sufuria. Nusu. Labda pungufu ya nusu. Akaona chupa kumi na mbili zikiwa sita, akamwona Biljana na tumbo lake mezani, anafungua katoni, anahesabu kwa kidole, anageuza katoni kuangalia chini. Alitoboa ukuta gani kwa miaka tisa? Hakuna. Na tundu la kwanza kalitoboa kwenye sahani ya mwanawe.

Ratka ndio kwanza anakunja kona, kabeba chupa. Akasimama. Akatazama kioo, paka, Spase, Profesa. Akamfikia mumewe, mwekundu kuanzia kofia mpaka mkanda, drili kifuani kama mtoto. Mtaa ukarudi nyuma hatua moja. Hata moto ulipunguza mlio.

Ratka akanyoosha kidole, akapangusa paji la uso la Blagoja, akalamba. Akafikiri.

— Chumvi bado, akasema.

Halafu akacheka. Alicheka mpaka bega bovu likasahau kumuuma, akakaa kwenye benchi, tofali likachomoka, wakaanguka yeye na Profesa na kahawa yote iliyobaki. Hapo mtaa mzima ukapasuka. Mwenye duka la vioo alicheka akifuta dirisha lake mwenyewe kwa kipande cha mkate, akila. Yule mama wa kapu kaenda kwake karudi na bakuli mbili za ajvar yake ya jana. Jirani mwingine kaleta chupa tatu. "Za Biljana," wakasema, "huyo mtoto asizaliwe anatununia." Kufikia saa tisa na nusu tofali lilikuwa limerudi chini ya benchi na sufuria limejaa tena, limetiwa chumvi ila halijakorogwa, na Blagoja na Spase walikuwa wanagombana upya.

— Ya kwangu ilikoroga!

— Ya kwangu ilikoroga zaidi!

— Ya kwako ilihamisha! Ya kwangu bado inafanya kazi, itazame pale chini!

— Haizimiki hiyo! Hiyo si kazi, ni ugonjwa!

— Mgeni njoo mwenyeji apone, akasema Profesa, na safari hii, kwa bahati tu, alipatia, kwa sababu mgeni alikuwa amefika.

Alikuwa Dimče, dereva wa basi la Ljubljana, kaja kuchukua katoni yake. Kijana wa watu hakuelewa kitu. Alitazama ukuta mwekundu. Alitazama drili ya bei ya ng'ombe imepakatwa kifuani kama mtoto, na drili ya kikapu cha ofa ikizunguka vumbini. Alitazama wazee watatu wenye ajvar masikioni. Mwisho jicho lake likatua kwenye ule mwiko wa mti, umeegemea benchi, ajvar imeukaukia, haujashikwa tangu ile plop.

— Samahani wazee wangu, akauliza, kwa heshima kabisa. — Kwani huu mwiko ulikuwa na ubaya gani?

Blagoja akamtazama Spase. Spase akatazama viatu. Ratka alikunja mikono tu akasubiri kama wengine. Profesa akanyanyua kidole, akafungua mdomo atoe methali, akabaki hivyo muda wa kuiva yai, kisha akaufunga. Jambo hilo halijawahi kutokea tangu azaliwe.

Blagoja akalaza drili yake benchini, akavua koti, akaushika mwiko kwa mikono miwili. Akaanza tena kuhesabu kutoka moja.