Maiki Mbovu ya Alton Purifoy

Na Clovis Hargett, mpiga kinanda

Ijumaa hii, tarehe 12 Juni 2009, Alton Purifoy anastaafu baada ya miaka arobaini ya kuwa fundi wa sauti hapa Studio ya Cypress Lane, Sheffield, Alabama. Mkewe, Earline, alituomba tuendelee kukaa na mumewe hapa studio angalau hadi Septemba. Tumekataa.

Alton aliingia hapa mwaka 1969 kutengeneza feni ya dari. Feni inalia mpaka leo, na yeye hakuondoka. Wanamuziki wanamjua kwa makombo ya kambare wa kukaanga yaliyoganda kwenye vitufe vya mtambo wake, na kwa maneno “moja ya mwisho”, yaani turekodi tena mara moja tu, ambayo huanza kuyasema asubuhi.

Lakini kazi iliyompa jina ni wimbo wa Harlan Stegall na Odessa Tolliver, wa Machi 1974. Harlan, mzungu, alikuwa mwimbaji wa kantri, muziki wa mashambani; Odessa, mweusi, aliimba soul, muziki uliotoka kwenye nyimbo za kanisani. Kampuni yake ya rekodi ilikuwa imemwambia Odessa waziwazi kwamba wimbo huo usipopatikana siku ile, mkataba wake umekwisha. Sote tulijua, na Harlan naye alijua, ndiyo maana aliimba kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

Tuliwaweka kila mmoja kwenye pembe yake na maiki yake, na ubao wa kuzuia sauti katikati. Harlan alitua juu ya mdundo palepale, kama watu wa kantri wafanyavyo. Odessa aliuacha mdundo upite kwanza, kisha akaufuata taratibu, kama walivyoimba kanisani kwao. Kila mmoja aliona mwenzake ndiye anayeharibu.

“Dada Odessa, unachelewa,” Harlan alisema.

“Sichelewi, kaka. Wewe ndiye unayekimbia. Nani anakufukuza?”

Sisi tulicheka, wao hawakucheka. Kufikia mchana Odessa alikuwa ameshavaa koti.

Hapo Alton akatoka kwenye chumba chake cha mitambo, akainama nyuma ya maiki ya Harlan, akachomoa waya, akasimama na uso wa msiba.

“Hii imekufa,” alisema. “Imebaki moja. Itabidi mbanane.”

Wakabanana. Harlan akaanza kungoja pumzi ya Odessa, na Odessa akawa anampokea kabla hajamaliza mstari. Siku hizo mji wetu ulikuwa bado haujazoea kuona mzungu na mweusi kwenye meza moja ya chakula, na hawa walikuwa wanaimbiana usoni. Nilipigwa na butwaa, nikasahau kupiga ubeti mzima. Odessa alivua koti. Mkataba wake ulipona.

Kwa kuwa nilisahau, ilibidi nibaki nirekodi ubeti wangu peke yangu. Alton akaja, amejaa furaha, akaweka maiki mbele ya spika ya kinanda. Ilikuwa ileile iliyokufa, nzima kabisa. Harlan na Odessa walikuwa wamekaa palepale wakinywa chai ya barafu, wakimtazama.

Alton, kwa miaka yote hii umeamini kwamba ulituweza. Kila Krismasi Harlan alikuuliza hali ya mgonjwa, nawe ukamjibu kwamba bado yuko kwa fundi. Tulikubaliana tusikwambie, maana ulikuwa unajivuna vizuri mno.

Asante kwa kazi, kwa masikio yako, na kwa uongo ule mmoja. Tunakuombea miaka mirefu ya raha na kambare wa kutosha, na tunamwombea Earline subira. Feni tutaitengeneza wenyewe.

Ijumaa Odessa atakuja kukuimbia wimbo ule, ambao hajauimba tangu tumzike Harlan. Tulimuuliza tumwandalie nini. Ameomba maiki ile mbovu, na nafasi ya mtu mmoja kando yake.