Nukta ya Mkurugenzi

WURYANI: Haloo? Ni nani kabla hata ya jogoo— subiri, birika linapiga mluzi. [mluzi unakoma] Haya. Nani?

PRAMUDYA: Mimi, Mama. Pramudya wa chumba cha mitambo, chuoni. Shikamoo.

WURYANI: Marahaba, mwanangu. Mbona sauti inatetemeka?

PRAMUDYA: Ni mtandao, Mama.

WURYANI: Mtandao hautokwi jasho. Sema.

PRAMUDYA: Kompyuta kuu inasuasua, na matokeo ya mitihani yanatoka asubuhi hii. Mwanafunzi mmoja, Galih, kaniandikia nikague folda yake. Nimeingia kwa akaunti kuu, nataka tu kuandika amri ya ls nione orodha ya—

WURYANI: Toa vidole kwenye kibodi. Nukta iko wapi?

PRAMUDYA: Nukta ipi?

WURYANI: Pram.

PRAMUDYA: Mwanzoni mwa njia ya kutafutia amri, Mama.

WURYANI: Kwa hiyo ukiita amri, nukta inaiambia mashine iitafute kwanza hapo uliposimama, kwenye folda ya mtu, ndipo iende zilipo amri halali.

PRAMUDYA: Mkurugenzi alichoka kuandika nukta na mkwaju, kile kistari cha mshazari, kila akiendesha programu yake. Alisema tunapoteza muda wa taifa.

WURYANI: Nanyi?

PRAMUDYA: Tukasema ndiyo, Pak, ndiyo, mzee. Tukapika tumpeng, wali wa manjano mlima mzima. Nukta ikaombewa dua.

WURYANI: Nilisikia. Nilikuwa nimeshaambiwa nikapumzike, niwaachieni mitambo.

PRAMUDYA: [mkwaruzo] Mama, siku ile kikaoni, walipokustaafisha—

WURYANI: Andika njia nzima ya amri halali. Mkwaju, bin, mkwaju, ls.

PRAMUDYA: [kibodi inalia] Kuna faili moja tu. Linaitwa ls.

WURYANI: Lisome, usiliendeshe. Mkwaju, bin, mkwaju, cat.

PRAMUDYA: Linachonga ufunguo bandia wa akaunti kuu, linampa Galih. Halafu... halafu linaonyesha orodha kama kawaida.

WURYANI: Mtoto ana adabu. Anakuibia, na swali lako anakujibu.

PRAMUDYA: Angejiandikia alama zote.

WURYANI: Kwa mkono wako. Wangemfukuza nani?

PRAMUDYA: Mimi, Mama.

WURYANI: Basi ing'oe hiyo nukta. Kwenye njia bakiza folda ambazo akaunti kuu peke yake inaruhusiwa kuandika ndani yake. Na usiache pengo tupu kati ya nukta mbili na nukta mbili, zile alama zinazotenga folda na folda; hilo nalo mashine inalisoma "hapa hapa."

PRAMUDYA: Nimeing'oa. Mkurugenzi nimwambieje? Siwezi kumwambia alikosea.

WURYANI: Utamuua. Mwambie nukta imetumikia vyema, sasa imestaafishwa kwa heshima.

PRAMUDYA: Kama—

WURYANI: Kama mimi. Ila ipikieni wali. Mimi sikupikiwa.

PRAMUDYA: Mama, siku ile ilinipasa nise—

WURYANI: Siku ile ulinibebea chungu changu cha maua ya melati mpaka getini. Wenzako hawakuinua macho.

PRAMUDYA: Salio linakwisha, Mama.

WURYANI: Yale maua yamechanua. Ulikuja mara moja tu kuyaona. Njoo tena, mwanangu, hata pasipoharibika ki—